Rangel Kutsarov, Aliyesamehe Kabla ya Kujua Kosa

Jumatatu tarehe 11 Machi 2019, saa mbili asubuhi, siku ya kwanza ya Kwaresima yetu Waorthodoksi, mzee wetu Rangel Kutsarov alipanda ngazi kwenda kutengeneza bomba la mpangaji wake, akakuta mlango wazi na nyumba tupu, na tangu saa hiyo hakuwa tena mtu tuliyemzoea.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1947 katika kijiji cha Chervena Voda, akasoma hapo hadi darasa la nane, kisha akajifunza ufundi wa mabomba hapa mjini Ruse, akahitimu mwaka 1965, na baada ya jeshi akafanya kazi kiwandani hadi alipostaafu. Tarehe 16 Septemba 1972 alifunga ndoa na mama yetu Zlatina, Mungu akawajalia watoto wawili, Iskra, ambaye ndiye ninayesoma mbele yenu, na mdogo wangu Yavor.

Mwaka 1996 alirithi kwa shangazi yake nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, akaipangisha, na kila alipopata mpangaji mpya alimpitisha mlango kwa mlango, mkononi ana mkate na chupa ya pilipili za kuchoma, akiwaambia majirani, "Huyu ni mtu wangu, akikosea niiteni mimi, msimgombeze yeye." Majirani hao aliwatengenezea mabomba bila malipo, akawazika wazee wao, na ufunguo wa akiba akamwachia mama mmoja, jirani wa ghorofa ya pili, ambaye jina lake sitalitaja, aliyekuwa akimtania, "Kaka Rangel, ukija hapa hata paka wanasimama kukuamkia!"

Mpangaji wake wa mwisho alikuwa Bibi Sevda, mjane mwenye watoto wawili, ambaye baba alimpenda kama binti yake.

Jioni ya Jumapili ya Kusameheana, mkesha wa Kwaresima ambapo sisi huombana msamaha, yule jirani alikuja kwetu na mkate wa jibini, akainama, akambusu baba mkono, akasema, "Nisamehe, Kaka Rangel," na baba akajibu kama tunavyojibu wote siku hiyo, "Mungu amekusamehe, nami nimekusamehe," kisha akacheka, "Kwani wewe una kosa gani, mama, zaidi ya kuzidisha chumvi?"

Kesho yake ndipo alipokuta nyumba tupu, na jirani amesimama sebuleni na mpwa wake, wakipima pa kuweka kitanda. Baba akampigia simu Sevda, naye akamjibu akilia, "Mzee, ungeniambia mwenyewe nihame, kwa nini umtume jirani?" Baba akamgeukia yule jirani, naye akasema, "Mpwa wangu anaoa, Kaka, na wewe jana umeshanisamehe."

Baba alichukua ufunguo wake, akarudi nyumbani, akakaa jikoni na koti lake mwilini mpaka mchana, akatuambia kwamba kumtaja yule mama kwa watu ni kumnyang'anya msamaha ambao Mungu amekwisha kumpa. Alimfuata Sevda hadi mji wa Razgrad alikohamia, akasimama mlangoni pake, akasema tu, "Nisamehe, binti yangu," asimtaje mtu, na Sevda akafunga mlango. Kanisani walinong'ona kwamba Kutsarov amemfukuza mjane na watoto kwenye baridi, naye aliwasikia, akawasha mshumaa wake, na nyumba ile hakuipangisha tena.

Mwezi Agosti 2022 aliugua mapafu, akalazwa mara mbili, na Alhamisi tarehe 17 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, akafariki mikononi mwa mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Padri, mafundi wenzake waliochimba kaburi hili, na majirani walioleta ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu, mmoja wao akiwa amesimama pale nyuma. Bibi Sevda, uliyesafiri tangu usiku kuja kuzika, baba hakukufukuza, alikuwa hajui, na baba akinilaumu kwa kusema leo, nitaipokea lawama hiyo kwake tutakapoonana.

Ee Bwana, baba alisamehe mara moja na ikamtosha, sisi wanawe bado hatujaweza, usituhesabie hilo leo, ila umpokee mtumishi wako Rangel mahali penye nuru, umkumbuke milele. Baba, lala kwa amani ya Mungu. Amina.