Sanamu Isiyopewa Jina

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, nyumbani kwetu Takoma Park, hapa Marekani, ilisikika sauti moja tu, ko, ya kitu kidogo kigumu kikigonga sakafu ya mbao, na Mama, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti ubavuni mwa kitanda, alijua kabla ya kuwasha taa kwamba mkono wa Baba umefunguka.

Wachungaji, ndugu, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia ninawasomea historia ya maisha ya baba yetu mpendwa, Festus Mbuvi Mutinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, Wamunyu, Machakos, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa marehemu Mzee Mutinda, mchonga sanamu, na marehemu Mama Kalekye, ambaye mimi ni wajina wake. Ndugu zake ni Shangazi Mbula, aliyesafiri kutoka nyumbani na ameketi hapa mbele, na marehemu Clement. Mliohesabu mmehesabu sawasawa, watoto ni wanne na majina ni matatu, nami naomba mnivumilie.

Alisoma shule ya msingi Wamunyu, kisha sekondari Masii, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, na kila jioni alirudi kwenye kibanda cha babu, ambako alijifunza kushika tezo kabla ya kushika kalamu, na kuigeuza kila kazi juu chini, kwa sababu babu alisema ukitaka kujua kama fundi ni mwaminifu, tazama tumbo la sanamu, mahali ambapo mnunuzi haangalii.

Mwezi Oktoba 1977, miezi michache baada ya serikali kupiga marufuku uwindaji, askari walifika kibandani wakiulizia maiti ya kijana iliyookotwa porini ng'ambo ya mto Athi, kando ya ndovu waliong'olewa pembe. Babu aliwajibu kwamba hana mtoto kama huyo. Askari walipoondoka aliwakusanya mke na watoto, akatoa kithitu, kiapo ambacho Mkamba hakichezei, akawaapisha kwamba atakayelitaja jina la kijana yule atakufa, na nyumba yake itamfuata. Kijana akazikwa na watu wasiomjua.

Mama Kalekye alilitaja Aprili 1983, akiwa na homa kali, akimwomba kijana yule maji, akafariki siku ya tatu. Baba mdogo Clement alilitaja Novemba 1999, harusini Masii, akiwa amechangamka, akagongwa na lori jioni hiyo hiyo. Familia haisemi kwamba jambo moja lilileta jingine, inasoma tarehe tu.

Marehemu alifika Marekani tarehe 3 Septemba 1991, akasomea kazi ya kuhudumia wagonjwa, na kuanzia 1993 hadi 2019 alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Greenbelt. Hapo alimhudumia mhandisi mstaafu aliyekuwa na kabati la netsuke, sanamu za kale za Kijapani zinazotosha kufumbatwa kiganjani, zenye matundu mawili ya kupitisha kamba, ambazo watu wa huko walizitumia kuning'inizia vifuko vyao mkandani, kwa kuwa kanzu zao hazikuwa na mifuko. Mwaka 1996 mzee yule alimpa panya wa mbao, Baba akamgeuza, akaona vidole vimechongwa kimoja kimoja hata chini ya tumbo, akacheka peke yake, akasema, "Huyu fundi ni mtu wa Wamunyu."

Tangu hapo, Jumamosi zake za mapumziko zilikuwa za minada ya vitu vya watu waliofariki, akipitisha kidole gumba kwenye yale matundu kuona kama yamelainika kwa kuvaliwa, akiziacha za plastiki zilizopikwa zifanane na za kale, na za pembe za ndovu hakuzigusa kabisa.

Alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Wamaitha, tarehe 12 Agosti 1995, hapa Takoma Park, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1997 na Ryan mwaka 2001. Nyumbani walitarajia mwana aitwe Mutinda, kwa desturi, Baba akakataa bila kutoa sababu, Ryan akabaki Ryan.

Kila sanamu aliipa jina la mtu wa kwao, hivyo tulimjua Shangazi Mbula aliye sungura, na Clement aliye nyani mwenye tunda, kabla hatujaona picha zao. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Kalekye, ukoo wako wote uko kwenye kabati la kioo, na vikombe vyangu viko kwenye boksi," naye akimjibu, "Vikombe havina kwao."

Mei 2012, kutoka mnada mmoja Bladensburg, alirudi na sanamu ya pembe, mvulana aliyelala amejikunja, mkono chini ya shavu. Hakuiweka kabatini. Ryan, anayeelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alimuuliza huyu ni nani, Baba akasema, "Huyu bado," na kwa miaka karibu kumi na mitatu alilala ameifumbata.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tarehe 20 Januari mwaka huu madaktari walitueleza kwamba hakuna zaidi wanaloweza kufanya. Siku hiyo aliniita, akasema, "Sasa kiapo hakina cha kunichukua," akanisimulia kwamba pembe zile za mwaka 1977 zilikuwa za babu, kwamba babu ndiye aliyemtuma kijana porini azilete zichongwe, kisha akamkana ili asifungwe. Akaniwekea jina sikioni, akaniagiza nilisome leo pamoja na ndugu zake. Hakumaliza mwezi.

Jana jikoni Shangazi, ambaye huniita kwa heshima ya mama yake, aliniambia, "Mama, kithitu hakiulizi nani alikuwepo. Huyo mwache alipo." Nikamuuliza, "Yuko wapi, Shangazi?" Akaendelea kuosha sufuria iliyokwisha kutakata. Leo hajanikataza tena, ila tangu tuingie ameushika mkono wa Ryan, na hajauachia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Mwatumu aliyetupikia tangu siku ya kwanza, wafanyakazi wenzake wa Greenbelt, na ninyi nyote. Sanamu ya pembe tumeirudisha kiganjani mwake, atazikwa nayo.

Kama kithitu kina neno, kinikute mimi, Kalekye binti Festus, nimesimama hapa na mlango uko wazi. Pumzika kwa amani, Baba, mtoto wa tatu wa Mutinda, mdogo wa mtoto wa pili, Silvanus Kimeu.