Mama Subiri na Picha Iliyotakiwa na Kila Mtu

Tarehe 30 Juni mhariri wetu wa habari, Mama Subiri, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianza kama msomaji prufu wa gazeti letu, akisahihisha makosa kabla ya kuchapwa. Tovuti ilipofunguliwa, wengi walidhani itamshinda. Wapi! Alijifunza kila kitu isipokuwa pupa. Jina alipewa na waandishi vijana waliochoka kuambiwa, "Subiri kwanza, nani amethibitisha?" Mumewe alipomtumia ujumbe kwamba nyumbani mvua inanyesha, alimuuliza kama ameiona mwenyewe.

Lakini kuna siku ambayo haikuwa ya kucheka. Ghorofa liliporomoka asubuhi, watu wakiwa ndani. Kufikia adhuhuri picha ya mwanamume mmoja, pamoja na jina, ilikuwa imezagaa mitandaoni: huyu ndiye mkandarasi, ametoroka. Wapinzani wetu wote walishaichapisha. Mhariri mkuu alishuka mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti cha Mama Subiri.

"Tumebaki sisi tu. Iweke."

"Jina ni la mkandarasi, sawa. Sura ni ya nani?"

"Tukichelewa tumekwisha."

"Na kama siye, huyu baba ndiye aliyekwisha."

Mama Subiri aliendelea kuitafuta picha ilikotoka, hadi akafika kwenye ukurasa wa fundi cherehani, mwenye majina yaleyale ya mkandarasi. Namba ya duka ilikuwepo. Akapiga.

Fundi alipokea kwa kunong'ona. Alikuwa amejifungia chumbani na wanawe, mawe ya watu walioiamini picha yakigonga mlango. Mama Subiri aliwaita polisi kwanza, ndipo akaandika. Habari yetu ilitoka ya mwisho, nayo pekee ndiyo iliyosema: mtu huyu siye.

Polisi waliwahi. Familia ilipona, duka halikupona. Kwa wiki kadhaa Mama Subiri aliwapigia simu wahariri wa tovuti nyingine, akiwasihi waiondoe ile picha. Baadhi waliiondoa. Kwingine ipo hadi leo, na jambo hilo linamuuma, wala hafichi.

Mhariri mkuu hajawahi tena kusimama nyuma ya kiti cha mtu.

Mama yetu, ahsante kwa kutushika mkono kila tulipotaka kukurupuka. Nenda ukapumzike na mzee wako. Tunakuombea afya, amani na wajukuu watundu. Habari zikivuma, safari hii ziache zivume. Hapa tutakesha sisi.