Daktari Aliyerudi Darasani

Ndugu zangu, mama zangu na baba zangu, nivumilieni. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa nakausha maua ya pareto, yale ya kutengenezea dawa ya wadudu, huko Manga. Nikiyageuza kwenye trei, naota cherehani yangu, nawashonea watu wote wa hapa kwetu Sironga nguo za harusi. Msicheke! Basi mikono ikaanza kuwasha, ikapasuka, na uso ukavimba. Watu wakasema ni ukoma. Hapa hapa kanisani, nikinyoosha mkono kusalimu, mtu anakumbuka ghafla kushika kitabu chake cha nyimbo kwa mikono miwili.

Dada yangu akajifungua mtoto wake wa kwanza. "Mwone tu kutoka hapo mlangoni, mpenzi wangu," akaniambia. Nawaambia, nilitamani kukibeba kile kitoto mpaka nikakosa usingizi.

Hospitali nilienda mara nne. Kila mara naacha kazi siku mbili kwanza, naoga, navaa gauni la Jumapili. Nani aende kwa daktari akinuka pareto? Daktari wetu akanipa dawa ya upele. Hakuniuliza kazi yangu, nami sikusema.

Halafu akaondoka kwenda kusomea magonjwa yanayoletwa na kazi. Mimi ndiye niliyenung'unika kuliko wote: "Mzee ana mvi, anasoma nini tena? Anatuachia nani?"

Aliporudi, swali la kwanza likawa, "Binti, unafanya kazi gani?"

"Nakausha pareto, Daktari."

Akaweka kalamu chini. "Nilipokuwa nasoma udaktari, pareto haikuwa hapa. Nimekutibu vibaya. Nisamehe. Kesho nitakuja kukuona kazini."

Akaja kweli, akaliona vumbi la maua limejaa mpaka kwenye kope zangu. Akamwambia msimamizi, "Huu si ukoma, ni vumbi hili. Huyu mtoe hapa."

Msimamizi akauliza, "Daktari, siku hizi hata trei zangu ni za hospitali?"

"Kuanzia leo, ndiyo."

Nikapelekwa kupika uji wa wafanyakazi, mbali na maua. Ngozi ikarudi polepole. Siku moja dada akaja, akaniwekea mtoto mikononi. Mtoto akanikojolea. Nililia, ndugu zangu, na sikutaka mtu anipokee mtoto.

Namshukuru dada, na yule msimamizi aliyenitafutia sufuria badala ya kunifukuza, na daktari aliyeomba msamaha kwa msichana kama mimi. Cherehani bado naiota.

Lakini leo nawasikia mnanung'unika kwamba daktari ameomba kwenda kusoma tena. Wachonga mawe wanakohoa, naye amesema waziwazi hajui vya kutosha vumbi lile linafanya nini kifuani. Aliyejifunza jana anahitaji kujifunza na kesho, kwa sababu kazi zetu haziachi kubadilika. Mwacheni aende. Tutamtamani sana, foleni ya hospitali itafika barabarani, nami nitakuwemo, nikiwaimbia mpaka arudi.