Neno Moja kwenye Karatasi ya Randa

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, limetengenezwa na Randa seremala kwa makalio matano, na hulia kwii kila mtu anaponyanyuka. Tangu Randa aanguke kutoka juu ya paa, tumebaki wanne. Jumatatu, aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mkewe aliniletea karatasi ya hospitali, Kiingereza kitupu, kwa kuwa mtaa mzima anayekijua ni mimi, Kamusi. Darasa la saba mwalimu aliniomba nipunguze kidogo, wenzangu wanifikie. Basi, karatasi ile niliinywa kama maji, likanikwama neno moja tu: "rise". Leo Alhamisi, vikombe mkononi, bado tuko nalo.

— Raizi ni kuchomoza, alisema Kinyozi. Jua likiraizi, kumekucha. Randa atolewe nje aote jua.

— Wacha ushamba! Breki, aliyeendesha lori miaka ishirini, alimkatiza. Bei ya mafuta ikiraizi, inachomoza? Inapanda. Sasa mtu kavunjika kwa kupanda, daktari amwambie apande tena?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingiaje hapa, Kinyozi?

— Inaingia. We hujaielewa tu.

Muuza kahawa akajazia vikombe.

— Hata unga wa mkate unaraizi, ukitiwa hamira. Labda wanataka avimbe.

— Kwani hajavimba?

— Mguu mmoja.

Nikaona wananipokonya neno langu mchana kweupe.

— Sikilizeni, nyie msiosoma. Wanaoraizi ni wafu, siku ya kiyama. Nimelisikia makaburini kwa masikio haya. Karatasi inatuandaa kimyakimya.

Breki akavua kofia.

— Kumbe Randa ndiyo anakwenda hivyo.

— Si tungemwuliza mwingine? alisema Muuza kahawa.

— Mwingine nani? nikafoka. Haraka haraka haina baraka. Kesho nawapa tafsiri kamili.

Hapo mke wa Randa akatokea, bega moja limeshuka, kipaji cha uso kimechubuka.

— Shemeji, hiyo karatasi.

— Bado naichambua, shemeji. Ina neno gumu.

— Basi, iache. Leo nimempata nesi kwenye simu. Anasema ni kumwinua tu. Asubuhi na jioni, watu wawili, mmoja kila upande, asimame kidogo. Ilitakiwa tuanze tangu Jumatatu ile.

— Kumwinua tu? aliuliza Breki.

— Tu. Nimejaribu peke yangu, tumeanguka wote wawili. Jumatatu alikuwa akitikisa vidole vya miguu, ananichekesha navyo. Leo havitikisiki. Kageukia ukutani, hataki hata nimsemeshe.

Akaichukua karatasi pajani kwangu. Juu ya lile neno palikuwa na duara la kahawa, kipimo kamili cha kikombe changu. Akalifuta kwa kidole. Halikufutika.

— Jioni hii, upande wa pili atashika nani?

Kinyozi akatazama mkasi wake. Breki akatazama barabara, kama anayesubiri lori lake lirudi. Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe changu, likadondosha tone moja la machicha. Nami, niliyekuwa na jibu la kila kitu tangu darasa la saba, nikalinywa lile tone polepole.

Mke wa Randa alisimama akingoja. Wanaume wanne, miguu minane mizima. Benchi halikulia.