Dokta Zehetner na Mtikisiko Uliokuwa Yeye

Naombeni radhi, wasomaji wa jarida letu la wafanyakazi. Wasifu huu ulitakiwa usomwe ukumbini siku ya kuagana, nao unawafikia Noeli imeshabisha hodi. Binti yangu Valerie anaota meno, na kila nikikaa kuandika, naye anataka kukaa nami. Sasa amelala. Acha niandike haraka.

Dokta Gottfried Zehetner alistaafu tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na minne katika taasisi yetu hapa Vienna, yote chini ya ardhi, katika chumba ambamo simu hazishiki. Wengi mnamjua kama yule mzee wa ndara. Mimi ni fundi wake.

Swali lake lilikuwa moja. Chembe ndogo kabisa ya maada, kabla haijapimwa, hutenda kana kwamba iko huku na kule kwa pamoja; ukiipima, unaikuta mahali pamoja tu. Nini kinachoiamulia? Wapo wanaosema ni kule kupima. Wapo wanaosema maada hujiamulia yenyewe, hata pasipo wa kuitazama, na kila ikiamua hutikisika kidogo. Mtikisiko huo ndio alioutafuta. Alitundika kigololi cha dhahabu kwenye uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, ndani ya mtungi ulionyonywa hewa yote, akangoja.

Kungoja huko kulikuwa na adabu yake. Mlangoni unavua viatu, unavaa ndara nene za sufu, maana kishindo cha kisigino kimoja kiliharibu kazi ya siku nzima. Waziri mmoja alisita kuvua. "Mheshimiwa," Dokta akamwambia, "viatu vya kugonga ni vya dansi. Huku tunanyata." Waziri akanyata.

Wiki yangu ya kwanza nilivunja nyuzi za kioo, leo mmoja, kesho mwingine, mpaka nikajifungia chooni nikalia. Nilipotoka nikakuta kipande cha keki ya mbegu za popi mezani kwangu. "Kula, bibie. Uzi unamjua mwenye njaa."

Majira ya baridi ya mwaka juzi, mtikisiko ukaonekana kwenye mchoro unaochorwa na mashine. Ulikuwepo karibu kila siku, palepale. Profesa Stroblmair, mkuu wetu, akafungua mvinyo na kuwaita waandishi wa habari waje Jumatatu. Kumbe Dokta alikuwa ametoka kuugua mafua, na siku zote alizolala kwake, kigololi kilikuwa kimetulia tuli. Sisi tulisema mashine ilichoka. Yeye aliona vingine.

"Magda, naenda kunywa kahawa pale ng'ambo. Wewe kaa mlangoni, tazama mchoro."

Akaenda, mtikisiko ukalala. Akarudi, akasimama penye kidirisha cha mtungi, pale alipopenda kusimama akikitazama kigololi chake, ukaamka. Lilikuwa joto la mwili wake, likipenya kioo.

"Gottfried!" Profesa alipiga kelele. "Waandishi wanakuja Jumatatu!"

"Waje tu. Wanipige picha mimi. Huo mtikisiko ni mimi."

Hawakuja. Fedha za chumba chetu zikapunguzwa, na uprofesa aliokuwa akiusubiri akapewa mwingine. Kidirisha tukakiziba kwa bati. Skrubu alizikaza mwenyewe. Tangu siku hiyo hakukiona tena kigololi alichokitundika kwa mkono wake. Alisoma michoro tu, na michoro ikasema hakuna kitu. Makala zake zote zinasema hivyo, na wenzetu wa miji mingine wanamshukuru, maana wanajua wapi hawana haja ya kutafuta tena. Lakini shukrani hizo huja kwa barua. Kwetu hapa hotuba za kumuaga ziliisha soseji hazijapoa.

Linaloniuma zaidi ni alivyoondoka. Aliziweka ndara zake kwenye mfuko wa plastiki, asiulize lolote. Alikwishasikia kwamba Mwaka Mpya mashine ingefunguliwa iuzwe vipande.

Haitafunguliwa. Nilipanda kwa Profesa, Valerie kifuani.

"Nani ataiangalia?"

"Mimi."

"Na huyo?"

"Huyo ana ndara zake. Dokta alimletea hospitalini siku aliyozaliwa."

Profesa akacheka. Ametupa mpaka Pasaka.

Dokta, asante kwa keki, kwa uzi, na kwa Jumatatu ile. Mungu akupe afya, na bustani yako ya Stammersdorf ikupe asubuhi zisizo na haraka. Ila kabla hujatulia sana, nahitaji bado uniletee vitu vichache: ufunguo wa valvu ya juu, ule wa mpini uliopinda, nadhani umo kwenye koti lako la kijivu, nyuzi za kioo ulizozificha kwenye kopo la biskuti, grisi ya pampu, kwa sababu dukani hawajibu, na ndara zako. Hivyo vingine vije kwa posta. Ndara njoo nazo mwenyewe.