Ramadhani Thelathini za Mama Koultoumi

Asubuhi hiyo ya Februari 1965 mvua ilikuwa imekatika, na mawe ya vichochoro vya Mutsamudu yalifuka mvuke taratibu, kama mji mzima unaota. Harufu ya mlangilangi ilishuka kutoka mashambani, ikapita chini ya ngome, ikaingia hadi barazani kwa Aboudou, muuza kahawa. Wa kila siku walikuwapo: Housseini, aitwaye Gazeti kwa kujua habari kabla hazijatokea, na Soulé, aitwaye Kadhi Mdogo, ingawa hajapata kuamua hata ugomvi wa kuku. Kati yao alikaa Saïndou, fundi cherehani, waliyemwita Sindano. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi.

— Sindano, umeshonwa mdomo leo? Gazeti akamchokoza.

— Mama anataka kushtaki, akasema Saïndou. Yule mzungu wa mlangilangi, kule juu ya Mirontsy. Aliposogeza ua wake wa waya alimeza mikarafuu yetu na kaburi la bibi. Mama akitaka kumsomea mamake dua, anasimama nje ya waya.

— Na miaka yote hii mlinyamaza kwa nini?

— Baba alikuwa akifanya kazi kwake. Ungeshtaki wewe? Sasa baba amekufa, mama haogopi tena.

Gazeti akatikisa kichwa.

— Amechelewa. Sheria ya Wafaransa ni miaka thelathini. Ukinyamaza ikatimia, ardhi ni ya aliyeishika. Waya uliwekwa lini?

— Wiki moja baada ya Idi. Mama anahesabu kwa Ramadhani. Hii iliyopita ilikuwa ya thelathini tangu hapo, naye analia kwamba muda umekwisha.

Saïndou akauona ule waya kama alivyouona utotoni, mpya, unametameta kwa umande, na mama amesimama mbele yake ameukunja ushungi mdomoni. Miaka thelathini. Ilikuwa imepita juu ya kichwa chake kama mawingu, na yeye anatunga uzi.

— Ngoja! Kadhi Mdogo akapiga goti. Huyo mzungu si huenda kwao kupumzika? Akiwa Ufaransa utamshtaki nani? Toa miezi hiyo.

— Toa na miaka ya vita, akadakia Gazeti, aliyekwisha kusahau kwamba ndiye aliyesema amechelewa. Meli hazikuja. Bila meli hakuna barua, bila barua hakuna serikali.

— Na kimbunga cha mwaka hamsini! akaongeza Kadhi Mdogo. Siku zile jua halikuonekana. Siku isiyo na jua si siku.

Aboudou akaliweka chini dele lake la kahawa.

— Nyote hamjui kitu. Aliyelala hadaiwi sala mpaka aamke, sivyo? Basi na usiku usihesabiwe. Thelathini inabaki kumi na tano. Mama Koultoumi hata nusu hajafika!

Wakacheka. Saïndou naye akacheka kidogo, kisha akaona aibu, kwa sababu kwa nukta moja alikuwa amewaamini.

Ukingoni mwa baraza alikuwa ameketi Tadjiddine, mgeni, aliyehamishwa wiki ile kutoka Moroni kuja kufanya kazi posta. Alikuwa amekunywa vikombe viwili akiwasikiliza.

— Samahani, wazee wangu, akasema. Hiyo miaka thelathini ya sheria ni ya mwezi au ya jua?

Gazeti akamtazama Kadhi Mdogo. Kadhi Mdogo akatazama ndani ya kikombe chake. Aboudou akaanza kufuta dele lililokuwa safi.

Saïndou akainuka bila kuaga. Alikwenda mbio hadi mahakamani, akafika akitweta, na karani akamsikiliza hadi mwisho.

— Ya jua, fundi, Januari hadi Januari.

Akafunua kitabu cha kalenda za zamani, akapitisha kidole polepole.

— Idi hiyo ilikuwa mwishoni mwa Desemba 1935. Wiki moja baadaye ni Januari 1936. Miaka ya mwezi ni mifupi, kila mmoja kwa siku kumi na moja hivi. Mna miezi kumi na moja. Lakini msiilalie.

Saïndou alimkuta mama yake uani, anaanika nguo. Alimweleza mara mbili, maana mara ya kwanza maneno yalimponyoka. Mama Koultoumi alisimama na shuka mkononi, maji yakimchirizika hadi kwenye kiwiko.

— Yaani muda bado upo?

— Upo, mama.

— Mwaka mzima kasoro mwezi, ulikuwa umekaa pale tu, na mimi nalia kwamba umekwisha.

Akakaa juu ya jiwe la kufulia. Saïndou alidhani atalia. Badala yake mama alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kisha akaangua kicheko ambacho mwanawe hakuwa amekisikia tangu msiba.

— Basi hata mimi si kizee kama nilivyodhani!

Akajifunga shiromani lake, ile nguo nyekundu ya kutokea, akatangulia mlangoni.

— Mama, hata kesho tunaweza. Karani amesema miezi kumi na moja.

— Nimemsikia karani. Vaa viatu.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ametia dole gumba kwenye karatasi, na muhuri wa mahakama ukagongwa juu ya dai lake.