Fundi Boaz Wekulo na Mtungi wa Ayany

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2025, Fundi Boaz Wekulo anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya viyoyozi kwa miaka ishirini na saba kasoro siku tatu. Hizo siku tatu amezitaja mara nyingi kuliko tulivyotaka kusikia. Bwana Kiarie, mwenye karakana, amemweleza kwamba mbili ni za wikendi na ya tatu huenda ikawa Idi, kutegemea mwezi. Fundi Boaz amejibu kwamba yeye si Mwislamu na mwezi haumhusu.

Anayeandika haya ni Immaculate Kageha wa mapokezi. Nimepokea simu za wateja hapa Kawangware 46 kwa miaka kumi na sita, na nimekaa karibu na huyu mzee kiasi cha kumjua hata anapokohoa kwa kusingizia. Kwa hiyo nikimsema leo, nisamehewe. Nikinyamaza nitapasuka.

Alianza kazi tarehe mosi Aprili 1998, siku ambayo watu huogopa kuanza jambo lolote la maana. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza friji kando ya barabara, kijana aliyetoka Chwele na sanduku la vifaa na hakuna kingine. Enzi hizo kiyoyozi cha nyumbani kilikuwa kisanduku kimoja kikubwa kinachosukumwa dirishani, kinanguruma usiku kucha. Vilipokuja hivi vya vipande viwili, kimoja ndani ya chumba na kingine nje ukutani, vikiunganishwa kwa mabomba ya shaba, mafundi wengi walivikimbia. Boaz alikifungua kimoja mezani, akakaa nacho wiki nzima kama mtu anayesoma barua kutoka kwa wakwe, kisha akasema yuko tayari.

Jambo la ajabu ni kwamba fundi wetu wa baridi haipendi baridi. Mganga hajigangi, lakini huyu amezidi. Mwezi wa Februari, jua likichoma mabati ya Kabiro anakoishi, yeye huingia kazini na sweta ya kijani aliyofumiwa na mkewe, Mama Yvonne, na kofia ya sufu juu yake. Akimaliza kufunga kiyoyozi cha mtu, hukiwasha, huweka kiganja mbele yake kuhakikisha hewa inatoka sawasawa, halafu huhamia barazani na kumalizia maelezo akiwa huko. Nyumbani kwake hana hata feni.

Kazi yake ilikuwa na taratibu ambazo hakuna aliyeweza kumtoa kwazo. Baada ya kufunga mabomba ilikuwa lazima pampu ya kufyonza hewa iendeshwe dakika ishirini kamili kabla ya kuachilia gesi, hata mteja akilia. Dakika hizo alizitumia kula njugu na kutazama saa. Kisha aliomba jagi la maji. Wateja wapya walidhani ana kiu, wakamletea juisi, wengine chai na mkate. Chai aliinywa, mkate akaula, halafu akaomba jagi tena, maana maji yale alitaka kuyamwaga ndani ya kiyoyozi ili aone kama yanatoka nje kwa mpira wake bila kurudi chumbani.

Mwisho wa yote kulikuwa na somo la rimoti. Nyumba nzima iliitwa sebuleni, pamoja na bibi aliyekuja kutibiwa meno na mpishi mwenye chungu mekoni. Maneno yake yalikuwa yale yale kila mara: “Weka twenty-four uwache hapo. Ukiweka sixteen haitakimbia, itakumalizia tu tokeni za stima.” Kuna bwana mmoja aliyeshikilia kumi na sita na kulala chini ya blanketi mbili. Fundi Boaz alimuuliza kwa heshima zote arudishe kipi dukani, kiyoyozi au blanketi. Baada ya wiki mbili fundi alirudi kwa mguu wake, bila kuitwa, kuangalia kama vichujio vimeoshwa.

Na kuna hili la maji. Kabla ya kuhamia Kabiro, Fundi Boaz aliishi Kibera miaka tisa, akibeba maji ya kununua kwenye mitungi ya lita ishirini. Mtu wa namna hiyo hawezi kutazama maji yakidondoka bure ukutani. Kiyoyozi kikifanya kazi hutoa maji, na mafundi wengine huyaacha yaende mtaroni. Yeye alibeba mitungi mitupu kwenye pikapu ya kampuni, akawaachia wateja mmoja mmoja waweke chini ya mpira wa maji. Aliwaonya wasiyanywe. Walipigia deki, wakamwagia choo. Tulimcheka sana kwa mitungi hiyo. Pikapu ikipita kwenye mashimo, ilisikika toka stejini, kwenye kituo cha matatu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hapa mapokezi tunalo Daftari la Marudio. Fundi akiitwa tena kurekebisha kitu alichokifunga mwenyewe, jina lake huandikwa humo, tarehe na sababu. Kila fundi aliyepita hapa amo. Isaac Osewe amo mara nyingi hadi ana ukurasa wake. Jina la Boaz Wekulo halikuwamo hata mara moja, na yeye alijua. Hakujisifu kwa maneno, ila kila Jumatatu asubuhi alipitia hapa mezani kwangu, akalifungua daftari, akalifunga, akaenda zake akiwa ameinua kidevu. Kwa miaka ishirini na saba hilo ndilo pambo pekee alilojipa, na alitaka kuondoka nalo.

Sisi pia tulilitaka. Bwana Kiarie alimtuma Dedan, mchongaji wa Kibera, atengeneze kibao kizuri cha mbao ya mvule cha kumkabidhi leo. Kiliandikwa: BOAZ WEKULO. HAKUNA KAZI YAKE ILIYORUDIWA. Kilifika Jumatano ya wiki iliyopita. Tukakificha nyuma ya kabati.

Alhamisi asubuhi simu ililia. Alikuwa Bi. Amolo wa mtaa wa Ayany, mwalimu mstaafu anayeoka keki za arusi nyumbani. Mwaka jana alifungiwa kiyoyozi kwenye chumba cha keki, kwa sababu krimu ilikuwa ikimtiririka mezani kila kiangazi. Aliyekifunga ni Fundi Boaz. Sasa maji yalikuwa yakishuka ukutani ndani ya chumba, na mezani kulikuwa na keki ya ghorofa tatu ya watu wa Jumamosi. “Kageha, inadondoka karibu na ghorofa ya chini kabisa,” aliniambia, “nimeweka sufuria lakini sufuria haina macho.”

Nilishika kichwa. Isaac alikuwa amesimama hapo, akasikia. Alinisogelea na kusema kwa sauti ya chini: “Madam, hiyo usiandike. Wacha nishuke huko mbio kabla mzee ajue. Siku nane tu zimebaki.” Nami, ninayewafokea mafundi wakisahau kuandika hata tarehe, nilikubali. Niliandika anwani kwenye karatasi ya kufungia mandazi, nikampa.

Tulisahau kitu kimoja. Fundi Boaz huandika nambari ya simu yake kwa kalamu nene ubavuni mwa kila kiyoyozi anachofunga. Bi. Amolo alipoona tunachelewa, alimpigia mwenyewe.

Mzee alipofika alimkuta Isaac tayari yuko Ayany, mikono yenye maji. Tatizo lilikuwa limeonekana, na lilikuwa dogo. Nje, chini ya mpira wa maji, kulikuwa na mtungi wa lita ishirini, umejaa. Bi. Amolo huumwaga kila jioni, lakini wiki hiyo ya keki alipitiwa siku mbili. Maji yalipopanda yakaufunika mdomo wa mpira uliokuwa umeingizwa ndani kabisa, hewa ikakosa pa kutokea, na maji mapya yakarudi nyuma hadi chumbani. Isaac aliuchomoa mpira, akamwaga mtungi, na ukuta ukaacha kulia. Keki ilikuwa imehamishiwa kitandani, salama, imefunikwa chandarua.

Hapo sasa kila mtu alimpa mzee njia ya kutokea. Isaac alisema ni kosa la mteja. Mteja mwenyewe, mama wa watu, alikubali na kuongeza: “Fundi, ni mimi. Sikumwaga.” Jagi la maji la siku ya kwanza lisingeweza kuonyesha lolote, kwa kuwa siku hiyo mtungi ulikuwa mtupu. Kwa sheria zetu zote hiyo haikuwa kazi ya kurudiwa. Isaac anasema mzee alichuchumaa kando ya mtungi, kisha akauliza: “Mama, mpira huu uliingizwa ndani na nani?” Aliyeuingiza ni yeye, ili upepo usiutupe nje na tone lisipotee.

Alirudi karakana saa kumi, sweta imelowa hadi kwenye viwiko, akaomba daftari. Bwana Kiarie alitoka ofisini kwake na kujaribu kumweleza habari ya mteja na mtungi. Fundi Boaz alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, halafu akaandika. Mwandiko wake ni mkubwa, wa mtu aliyefundishwa kwa kiboko, na umeshika mistari mitatu: Wekulo B. Ayany, kwa Bi. Amolo. Maji yamerudi ndani. Niliingiza mpira mrefu kwenye mtungi. Kosa ni langu.

Ndipo Bwana Kiarie, kwa kukata tamaa, alipokwenda nyuma ya kabati na kukitoa kibao. Alidhani mzee akikiona atalegea. Fundi Boaz alikisoma, akapitisha kidole kwenye herufi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, macho yake yalijaa machozi mbele ya watu. Kisha akasema: “Ni kizuri sana. Kirudi kwa Dedan.”

Wiki yake ya mwisho, ambayo tulikuwa tumempangia akae, anywe chai na kutusimulia mambo ya zamani, aliitumia kuzunguka nyumba kumi na tisa alizowahi kuacha mitungi, kuanzia Ayany hadi Lavington. Kila mahali alikata mpira upungue shibiri moja, usiguse maji tena, na kila mahali aliomba radhi kwa kosa ambalo wenye nyumba hawakuwa wamelijua. Kumi na wanane kati yao walidhani amekuja kuaga. Walimpa chai.

Kibao mtakiona leo akikabidhiwa. Dedan hakuwa amebakiza nafasi kubwa, kwa hiyo maneno aliyoongeza ni madogo na yamebanwa pembeni: HAKUNA KAZI YAKE ILIYORUDIWA, ILA MOJA. Bwana Kiarie ananung'unika kwamba kimeharibika. Mimi naona ndio kwanza kimekamilika, na nimemwambia hivyo.

Fundi Boaz, kwa niaba ya karakana nzima, asante kwa miaka yako na kwa mikono yako. Wewe na Mama Yvonne mjaliwe afya, utulivu na wajukuu wasumbufu, na mlango huu usikusahau. Lakini nina neno langu mwenyewe, na naliweka hapa katika maandishi ili nisilikimbie. Siku ile ulipoomba daftari, nilikwambia kalamu imekwisha wino. Ilikuwa imejaa. Nilitaka uondoke na ukurasa mtupu, kwa kuwa nakupenda, na ningeificha hiyo kalamu hadi leo bila kuona haya. Hukunigombeza. Ulitoa yako mfukoni, ukaandika, ukanigeuzia daftari na kuniambia: “Kageha, weka sahihi hapo, wewe ndiye ulipokea simu.” Niliweka sahihi, na ndiyo sahihi ninayoionea fahari kuliko zote nilizowahi kutia katika meza hii.